Gari Linalogoma Kuwaka Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Spea

Kila Julai, saa kumi na mbili alfajiri, pale tunapoegesha magari huku Uthiru, hukosi kusikia stata moja ikilalama kama mbuzi anayevutwa kamba. Miaka miwili iliyopita stata hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa na Fielder yenye injini ya 1NZ, injini ile ile iliyo kwenye Probox nyingi na baadhi ya Vitz za jiji hili, na kila asubuhi nilipiga stata mara nne au tano kabla ya gari kushika. Soja wa geti alishazoea. "Bosi, leo tena?" Likishapata joto, siku nzima halina neno. Nalizima dukani, narudi baada ya nusu saa, linawaka kwa mguso mmoja.

Nililipeleka kwa fundi saa nne asubuhi. Akapiga stata, likawaka papo hapo. Akabadilisha plagi. Kesho yake likagoma. Nikarudi, akabadilisha pampu ya petroli. Kesho yake likagoma tena. Simlaumu sana, maana alikuwa akitibu mgonjwa anayefika kliniki akiwa mzima. Ugonjwa ulikuja kupatikana kwenye sensa ndogo kama ncha ya kidole gumba, na niliupata mwenyewe saa kumi na moja na nusu alfajiri, nimevaa koti, tochi mdomoni.

Kwa hiyo kabla ya yote: gari linalosumbua likiwa baridi hupimwa likiwa baridi. Baridi maana yake limelala usiku kucha bila kuwashwa. Na kwa kuwa ukiliwasha tu joto linaanza kupanda, kila asubuhi una nafasi moja ya maana, ile stata ya kwanza. Usiitumie ovyo.

Tena usikubali jibu la "ni baridi tu". Usiku wa Julai hapa Nairobi hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na ukipanda Limuru hupungua zaidi. Kuna nchi ambako magari hulala kwenye theluji na yakawaka asubuhi. Ni kweli baridi hufanya oili kuwa nzito, hupunguza nguvu za betri na huifanya petroli isigeuke mvuke upesi, lakini kwa kiwango chetu gari zima halipaswi hata kulitambua jambo hilo. Likigoma, lina kitu kilichokuwa kimeanza kuugua.

Maandalizi ya usiku

Tafuta multimita (kipimo cha umeme), zile za bei ya chini zinazouzwa Luthuli Avenue zinatosha kazi hii. Pata na kile kidude cha OBD cha blutuuthi, kinachochomekwa chini ya usukani ili usome kwa simu habari za kompyuta ya gari. Ongeza spana namba 10, msasa laini, kitambaa na mtu wa kukusaidia kupiga stata.

Usiku, vuta wenzo wa kufungulia boneti kabla hujafunga milango. Ukifungua mlango asubuhi, taa za ndani na kompyuta za gari huamka na kuanza kula umeme, na kipimo chako cha kwanza cha betri kitakuwa kimeshaharibika. Boneti ikiwa tayari imeachia, utapima bila kugusa mlango. (Kama mtaani kwenu betri zina tabia ya kutembea usiku, acha hili. Fungua mlango asubuhi, uufunge, usubiri dakika kumi.)

Weka simu irekodi video ya dashibodi na sauti ya stata. Video hiyo ya sekunde ishirini itamsaidia fundi kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Malalamiko ya "haliwaki" ni magonjwa matatu tofauti, na sauti ndiyo huyatenganisha. Stata ikizunguka kwa uvivu, au ikitoa "tak" tu na kunyamaza, hilo ni suala la umeme au injini nzito kuzungushwa. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini injini haishiki, tafuta kwenye petroli, moto wa plagi au habari ambazo kompyuta inapewa. Injini ikishika kisha ikatetemeka au kuzima, angalia hewa inayoingia, injekta (zinazonyunyizia petroli), na kama hakuna maji yanayopenya ndani. Fundi wangu hakusikiliza, nami sikujua kumweleza. Tulianza kununua.

Stata ikiwa mvivu

Pima betri kabla ya jambo lolote. Betri iliyolala ikiwa imejaa husoma volti 12.6. Ikisoma 12.4 ina robo tatu hivi, 12.2 imebaki nusu, na 12.0 iko karibu kwisha. Lakini namba hiyo inakwambia imejaa kiasi gani, haikwambii ina afya gani. Acha ncha mbili za multimita zimeshikilia vichwa vya betri, mwambie msaidizi apige stata, nawe utazame. Volti zitashuka, na hilo ni kawaida. Zikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilianza na 12.5, betri imechoka, na kuichaji ni kuahirisha msiba.

Sasa, na hapa ndipo wengi hununua betri bure: volti zikibaki 11 na bado stata inajikokota, betri haina kosa. Umeme upo, haufiki. Weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, yaani ile risasi, si kibano kilichoishika. Nyingine iweke kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata. Usomaji unapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukizidi nusu volti, waya wa ethi, ule mweusi unaoiunganisha betri na injini na bodi, umeoza au umelegea. Rudia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi skrubu ya waya mnene kwenye stata. Nyaya zote mbili zikiwa nzima na stata bado inajivuta, hapo ndipo uifungue stata yenyewe na kutazama brashi zake.

Ule unga mweupe wenye ukijani kwenye vibano uoshe kwa maji moto yenye kijiko cha soda ya kuokea, kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae. Unapofungua, anza na hasi. Unaporudisha, hasi iwe ya mwisho. Vua pete na saa ya chuma. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja utaona cheche ambazo hutazisahau.

Betri nzima inayokutwa dhaifu kila asubuhi ina mtu anayeinyonya usiku. Magari yetu yamebeba vitu vingi ambavyo kiwandani havikuwepo: alamu, traka iliyowekwa na mkopeshaji, redio iliyobadilishwa, kamera ya kioo cha mbele. Kuvipima, fungua waya wa hasi, weka multimita upande wa ampea 10, uiunganishe katikati ya waya na kichwa cha betri. Funga milango, peleka ufunguo mbali na gari, subiri nusu saa kompyuta zilale. Gari la kawaida hubaki chini ya miliampea 50. Ukiona 300, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usijaribu kupiga stata multimita ikiwa hapo katikati, utaichoma.

Injini ikishawaka, pima tena kwenye betri: kati ya 13.8 na 14.5 altaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, inafanya kazi. Hata hivyo altaneta nzima haitaokoa gari linaloendeshwa kilomita tatu kwenye msongamano wa Waiyaki Way na taa, waipa na feni vyote vimewashwa. Gari la namna hiyo lichajiwe betri usiku mmoja kwa mashine, halafu ndipo uihukumu.

Jambo la mwisho katika sauti hii ni oili. Tuna mazoea ya kuweka 20W-50 kwenye gari "kwa sababu lina umri". Injini ya 1NZ ilitengenezewa oili nyepesi kama 5W-30. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayoeleza uzito wa oili ikiwa baridi, na 20W alfajiri ya Julai ni kama uji uliolala. Kama injini haili oili, sioni sababu ya kuinywesha uji.

Wakati unatafuta suluhisho, huenda ukahitaji kuazima umeme kwa jirani. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, uende kwenye chanya ya nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya nzima, na mwisho wake ushikwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto. Na gari la gia otomatiki lisisukumwe. Mtachoka bure, haliwaki kwa kusukumwa.

Stata ikizunguka vizuri lakini haishiki

Anza na petroli. Ndani ya pampu kuna vali ndogo inayozuia petroli isirudi tangini gari likilala. Vali ikichoka, mabomba hubaki matupu usiku, na asubuhi stata huzunguka mpaka yajae. Ili kuijua, washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, ngoja sekunde tatu, zima. Fanya hivyo mara tatu, kisha piga stata. Likishika mara moja asubuhi kadhaa mfululizo, umepata mshukiwa. Baadhi ya magari, zikiwemo Toyota nyingi, hayaendeshi pampu mpaka stata izunguke. Kwa hayo, piga stata sekunde tano, pumzika kumi, piga tena. Ikiwa kila siku ni ile ya pili inayoshika, maana yake ni ile ile.

Usinunue pampu kwa ushahidi huo peke yake. Mwombe fundi aweke geji ya presha ya petroli. Kwa 1NZ presha inatakiwa iwe kati ya kilopaskali 304 na 343, na dakika tano baada ya kuzima injini isiwe chini ya 147. Ikishuka haraka, kosa liko kwenye vali ya pampu au kwenye injekta inayovuja. Kuzitenganisha ni rahisi kwa pua: injekta inayovuja humwaga petroli ndani ya silinda usiku, na asubuhi utasikia harufu kali na kuona moshi mweusi likishawaka. Kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata. Magari mengi ya injekta hukata petroli ukifanya hivyo. Likiwaka kwa njia hiyo, lilikuwa limezama kwa petroli.

Wakati mwingine gari halina kosa, kosa liko tangini. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa ni uovu wa zamani hapa kwetu. Mwaka 2018 serikali ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa ile tofauti ya bei iliyowavutia wachanganyaji. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi kwenye baridi, kwa hiyo dalili yake ya kwanza ni hii hii tunayoizungumzia. Kama shida ilianza ghafla baada ya kujaza mahali fulani, tumia tangi hilo liishe karibu lote, ujaze kituo kingine mara mbili, halafu ndipo ufungue boneti.

Kuhusu moto sitakaa sana, maana plagi ndizo kila fundi huanza nazo. Zitoe injini ikiwa baridi. Za 1NZ huwa na pengo la milimita 1.1 hivi, likiwa pana kwa kuchakaa, cheche hushindwa kuruka wakati stata inaibana betri. Iliyolowa petroli haichomi, nyeusi yenye masizi imepewa petroli nyingi. Ukienda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, beba plagi yako ya zamani uilinganishe na mpya uzito, maandishi na ncha, kwa sababu plagi bandia ziko sokoni na zinafanana sana na halisi. Koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ikishukiwa, ihamishe silinda nyingine. Kama kosa P0301 kwenye OBD (silinda ya kwanza haichomi) likihama nayo na kuwa P0302 (ya pili), usitafute zaidi.

Sasa sensa iliyonila pesa. Kwenye kichwa cha injini kuna sensa inayopima joto la maji ya kupozea. Kompyuta huitegemea kuamua petroli kiasi gani iingie: injini baridi hupewa nyingi zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya petroli hubaki imenata kwenye kuta bila kuwa mvuke. Sensa ikidanganya kwamba injini ni moto, petroli hupunguzwa, nawe unapiga stata kwenye hewa tupu. Likishapata joto la kweli, uongo na ukweli vinakutana na gari linatembea kama kawaida. Ndiyo maana fundi wa saa nne hakuona kitu.

Kuipima, chomeka OBD alfajiri, washa swichi bila kupiga stata, soma namba mbili: joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari limelala usiku kucha, kwa hiyo zinapaswa kulingana, zikitofautiana nyuzi chache tu. Langu lilisema hewa 13, maji 58. Nilisoma mara tatu nikidhani simu imekosea. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwa imewaka wala hakukuwa na kosa lililohifadhiwa, maana 58 ni joto linalowezekana kabisa na kompyuta haikuwa na sababu ya kushuku. Nikachomoa plagi ya sensa na kupima omu, yaani ukinzani wa umeme: 620. Kwa Toyota, nyuzi 20 hutakiwa kutoa omu kati ya 2,000 na 3,000, na kwenye baridi ile zaidi ya 3,000. Nyuzi 80 hutoa kama 300. Tena ujue kwamba waya wa sensa hiyo ukikatika kabisa, kompyuta ya Toyota hujifanya injini iko nyuzi 80, na ugonjwa unakuwa ule ule, ila safari hii taa itawaka.

Kuibadilisha ni kazi ya dakika ishirini. Injini iwe baridi kabisa, kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa moto kwa hali yoyote. Sensa mpya iwe tayari mkononi, toa ya zamani, ziba tundu upesi kwa mpya, ongeza maji ya kupozea yaliyomwagika. Asubuhi iliyofuata Fielder iliwaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, ninayo bado kwenye buti.

Likishika kisha likatetemeka

Injini baridi huanza na mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, ikishuka kidogo kidogo hadi 700 hivi. Ikianzia chini na kutaka kuzima, safisha throtoli, ule mlango wa hewa ya injini: masizi meusi huziba ule upenyo mwembamba hewa inapopita. Tumia spirei yake na kitambaa, swichi ikiwa imezimwa, na usisukume kibao chake kwa kidole kwenye throtoli ya umeme. Kama baada ya hapo bado, tazama mabomba ya mpira yanayopitisha hewa na gasketi ya manifoldi, yaani sehemu inayogawa hewa kwa silinda. Mpira mkavu hujikunja kwenye baridi na kuacha ufa, ukipata joto unajifunga, kwa hiyo upulizie maji ya sabuni injini ingali baridi usikilize mngurumo ukibadilika. Kosa P0171 kwenye OBD (hewa nyingi, petroli kidogo) huelekeza huko huko.

Lakini likitetemeka sekunde chache kwa silinda moja tu, likatoa moshi mweupe wenye harufu tamutamu, na maji ya kupozea yanapungua bila kuvuja chini, acha kuliendesha. Huenda gasketi ya kichwa cha injini inapitisha maji usiku. Moshi wa bluu unaopotea baada ya dakika moja ni sili za vali. Hilo linaweza kusubiri.

Ikiwa fundi atapima kompresheni (presha ndani ya silinda), kuna jambo ambalo huzua ugomvi. Namba za kitabu hukadiriwa kwa hewa ya pwani. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari na hewa yetu ina presha pungufu kwa karibu asilimia 20, kwa hiyo geji hapa itasoma chini kuliko Mombasa kwa injini ile ile. Angalia zaidi kama silinda zinalingana. Moja ikipungukiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, hapo kuna neno.

Wenye dizeli

Hiace na Hilux za dizeli hazina plagi za cheche, zina plagi za joto. Ngoja taa ya koili izime ndipo upige stata. Chomoa waya wa kila plagi uipime omu: nzima husoma kati ya nusu na mbili, iliyokufa haisomi kitu. Zikiwa nzima zote, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini na gari likawaka vizuri baada ya kuibonyeza mpaka ikawa ngumu, hewa inaingia kwenye bomba la dizeli usiku, na mara nyingi ni sili ya filta au ya pampu hiyo yenyewe. Usikubali mtu apulizie spirei ya kuwashia yenye etha kwenye injini ya plagi za joto. Huwaka kabla ya wakati wake, na pistoni hupasuka.

Ukilazimika kumwachia fundi

Mpelekee jioni, si asubuhi. Mwonyeshe video, mwandikie namba ulizosoma kwenye karatasi: volti za betri iliyolala, volti za wakati wa stata, joto la maji na la hewa. Mwombe gari lilale kwake na lisiguswe mpaka ufike, na kwa adabu zote, chukua ufunguo uende nao. Fika saa moja asubuhi. Kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Kama ulimwachia ufunguo na boneti ina uvuguvugu, kuna aliyelisogeza kupisha gari jingine. Kunyweni chai, urudi kesho.